Rundo la marudio: usiulize iliyomo tu, uliza itakayotoka

Mwaka 2017 niliuziwa rundo la marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu mara ya kwanza, tani 40, kwenye mwalo mmoja, mahali pa kuoshea dhahabu, si mbali na Katoro, mkoani Geita. Siwezi kusema nilidanganywa. Muuzaji alinionyesha karatasi ya maabara, na karatasi ile ilikuwa ya kweli: gramu 6 za dhahabu kwa kila tani. Nilipiga hesabu palepale kwa kidole kwenye vumbi. Sita mara arobaini, gramu 240. Hata robo ikipotea, nabaki na 180. Nikakopa kwenye kikoba chetu, kaka yangu akaongeza hela ya mahindi yake, tukalipa, tukasomba kwa tipa, tukajaza tangi, tukaweka dawa, yaani sayanaidi. Siku ya kuyeyusha, mzani ulisoma gramu 71.

Tulikuwa tumetumia zaidi ya milioni kumi. Tukapata milioni tano na ushee. Deni la kikoba nililimaliza baada ya mwaka mmoja na miezi minne, na akina mama wenzangu walinivumilia kwa namna ambayo sitaisahau.

Tangu wakati huo nimechenjua, yaani nimetoa dhahabu kwenye marundo mengi, na mengi yamenilipa. Nyumba ninayoandikia makala hii imejengwa kwa marudio, na ada za watoto wangu watatu zimetoka humo. Kwa hiyo simkatazi mtu. Lakini kila wiki napigiwa simu na mtu aliyeona rundo mahali, ana hela ya kiinua mgongo au ya mkopo, na ameonyeshwa karatasi yenye namba nzuri. Nawaandikia hao, na nawaandikia pia walio upande wa pili, wale wanaoyaacha marudio yao mwaloni bila kujua wanaacha nini.

Kwa mgeni wa mambo haya: wachimbaji wadogo wakitoa mawe kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, huyasaga kwenye karasha mpaka yawe unga. Unga huo huoshwa kwa maji kwenye mwalo, juu ya mbao zilizotandikwa magunia au mazulia. Dhahabu nzito inanasa, nyepesi inakwenda na maji. Iliyonasa inakamatishwa kwa zebaki kwenye karai, kisha inachomwa. Mchanga unaobaki nyuma ndio marudio. Kwa njia hii, mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu iliyokuwa kwenye jiwe inabaki kwenye mchanga, kwa sababu ni laini mno kunaswa na gunia, au imejificha ndani ya punje za mawe ambako zebaki haifiki. Ndiyo maana kuna biashara ya kuyarudia. Sayanaidi, ambayo ni sumu kali, inaweza kuiyeyusha dhahabu ile laini ndani ya maji kama chumvi, halafu maji yale yakipitishwa kwenye kaboni, chembe nyeusi za mkaa maalumu, kaboni inaikamata.

Ujuzi huu si mpya. Mwaka 1887, kule Glasgow, John Stewart MacArthur pamoja na madaktari wawili ndugu, Robert na William Forrest, walipata hati miliki ya kuchenjua dhahabu kwa sayanaidi, na miaka michache baadaye ukawa umefika migodi ya Johannesburg, ambako zebaki ilikuwa imeanza kushindwa na mawe ya chini. Leo vilima vya mchanga vilivyoachwa na migodi ile vinapigwa maji ya nguvu, vinageuzwa tope na kuchenjuliwa upya. Kolwezi nako, huko Kongo, yako mabaki ya zamani ya migodi ya shaba ambayo sasa yanatoa shaba na kobalti. Wakubwa wanayarudia mabaki kama sisi tunavyorudia ya mwaloni. Tofauti ni kwamba wao hawasogezi tani moja kabla hawajapima.

Narudi kwenye gramu zangu 71, maana hapo ndipo penye somo nililolilipia.

Karatasi ya maabara niliyoonyeshwa ilitokana na kipimo cha moto. Wanachukua unga kidogo, wanauchanganya na dawa yenye risasi, wanauyeyusha kwenye tanuru la nyuzijoto zaidi ya 1,000. Kila kitu kinayeyuka na dhahabu yote inakusanywa kwenye risasi: iliyo wazi, iliyofunikwa, iliyofungwa katikati ya punje, yote. Namba inayotoka ni ya kweli, lakini inajibu swali moja tu: ndani ya mchanga huu imo dhahabu kiasi gani?

Tangi langu halina moto wa nyuzijoto 1,000. Lina maji, chokaa na sayanaidi, na sayanaidi haivunji jiwe. Inagusa dhahabu iliyo wazi tu. Rundo lile lilitokana na maduara yaliyokuwa yamefika chini sana, kwenye mawe ya kijivu yanayong'aa, yale yenye salfaidi, madini yenye salfa ndani yake, ambayo wengine huita mawe ya bluu. Dhahabu yake sehemu kubwa ilikuwa imefungwa ndani ya salfaidi kama punje ya karanga ndani ya ganda lisilo na ufa. Maji ya dawa yalipita pembeni yake siku nane, yakatoka kama yalivyoingia.

Nilikuja kuelewa haya kwa kijana mmoja wa maabara, miezi baadaye, nilipompelekea mabaki ya tangi langu. Aliyapima, akakuta gramu karibu 4 kwa tani bado zimo. Akaniuliza, "Mama, kabla hujanunua ulifanya jaribio la chupa?" Nikamwambia sijawahi kulisikia. Akanieleza bila kuniharakisha: wanachukua kilo moja ya mchanga uleule utakaochenjua, ukiwa na usagaji uleule, wanautia kwenye chupa pamoja na maji, chokaa na sayanaidi, chupa inazungushwa kwa saa 24 au zaidi, halafu wanapima dhahabu iliyoingia kwenye maji na iliyobaki kwenye mchanga. Hapo unapata namba ya pili, itakayotoka.

Kwangu mimi, hiyo namba ya pili ndiyo bei ya rundo. Ya kwanza ni ya mazungumzo. Nimewahi kuacha rundo la gramu 7 kwa tani kwa sababu chupa ilitoa robo tu, nikanunua la gramu 2 na nusu lililotoa zaidi ya asilimia 80, na lile dogo ndilo lililonirudisha kwenye biashara. Ukiwa Geita au Mwanza maabara binafsi zipo, na Dodoma ipo ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST. Ukifika, usiseme "nipimieni dhahabu". Sema unataka vipimo viwili, cha moto na cha chupa, na uulize pia jaribio lilikula chokaa na sayanaidi kiasi gani, maana gharama yako kubwa itakuwa humo.

Kabla ya kulipia maabara, ziko dalili za kuangalia mwenyewe. Uliza mawe yalitoka duara gani na kina gani. Mchanga mwekundu au wa kahawia, wa mawe ya juu yaliyooza, kwa kawaida ni rafiki wa sayanaidi. Wa kijivu cheusi unaong'aa ukigeuzwa juani, shuku. Rundo la kijivu lililokaa miaka mingi na kutoa maji ya rangi ya kutu pembeni lina tindikali, na tindikali itakula chokaa yako magunia kwa magunia kabla dhahabu haijaanza kutoka. Ukiona ukijani kwenye mawe ya eneo lile, kuna shaba, na shaba inainywa sayanaidi kabla ya dhahabu. Halafu kamata ngumi ya mchanga uliolowa uuminye: ukiachia ukabaki donge laini kama la mfinyanzi, jua maji ya dawa hayatapita vizuri kwenye tangi. Yatatafuta njia moja, yatachimba mfereji, na sehemu kubwa ya mzigo wako itabaki kavu ndani. Mzigo wa namna hiyo nauchanganya na mchanga mnene na kuvunjavunja madonge kwa jembe kabla haujaingia.

Sasa sampuli. Watu wengi sana wanaumia hapa, na wanaumia kwa sababu ya aibu. Unafika kwa mzee mwenye rundo, amekukaribisha kiti, amekuletea maji ya kunywa, unaona vibaya kuanza kuchokonoa mali yake kila upande. Unachota kiganja hapa na kiganja pale, unatia kwenye mfuko wa nailoni, unaondoka. Mwambie tu, "Mzee, naomba unisamehe, nitakusumbua leo mchana kutwa." Mwenye mali safi hajanikatalia hata siku moja.

Juu ya rundo mvua imeshapita, imeosha. Pembeni chini zimeporomokea punje kubwa. Karibu na mdomo wa mwalo kuna uzito zaidi, mbali kuna tope jepesi. Ukichota sehemu moja umepima sehemu hiyo moja. Mimi natumia bomba la chuma la inchi mbili, nalipigilia kwa nyundo kutoka juu mpaka ardhi ya asili, kila baada ya hatua mbili, rundo zima. Kila kilichotoka kwenye bomba kinamwagwa kwenye turubai. Nakichanganya kwa koleo mara tatu, nafanya kichuguu, nakibapaza, nakigawa vipande vinne kama mkate wa kumimina, natupa viwili vinavyotazamana, nachanganya vilivyobaki, narudia mpaka nabaki na kama kilo sita. Hizo nazigawa mifuko mitatu. Mmoja unakwenda maabara yangu, mmoja ni wa muuzaji apeleke maabara anayotaka, wa tatu tunaufunga, tunautia sahihi wote wawili juu ya gundi, unakaa kwangu mpaka biashara iishe. Mfuko huo wa tatu umezuia ugomvi mara mbili.

Na usisahau maji. Gramu kwa tani za maabara ni za mchanga mkavu, lakini tipa linabeba mchanga na maji yake. Jaza ndoo ya lita 20 kutoka katikati ya rundo, pima uzito, anika au kausha motoni, pima tena. Kama uzito umepungua asilimia 15, basi tani 40 ulizouziwa ni 34. Rundo langu la 2017 sikulipima hivyo. Nililipia maji, na kwenye hesabu yangu ya vumbini nikayahesabu kama dhahabu.

Akina mama wa kikoba wana msemo wao, mali bila daftari huisha bila habari. Kwenye daftari langu kila rundo lina ukurasa, na ukurasa unaanza na tani kavu, mara namba ya chupa, kisha napunguza tena moja ya kumi kwa sababu tangi kamwe halifanyi kazi safi kama chupa. Chini yake naandika matumizi: kununua, kusomba, chokaa, sayanaidi, kaboni, dizeli ya pampu, vibarua, mlinzi, elusheni (kuiondoa dhahabu kwenye kaboni), mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 nitakapouza soko la madini. Soko la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na nashauri uuze huko hata kama kuna mtu kichochoroni anakuambia bei tamu zaidi, kwa sababu stakabadhi za sokoni ndizo benki yangu ilizoziangalia nilipoomba mkopo wa pampu. Kama baada ya hayo yote rundo haliachi faida ya kuvumilia bei kushuka kidogo, nafunga daftari na kumshukuru mwenye mali.

Siku hizi sinunui rundo zima kwa mkupuo kama naweza kuepuka. Natanguliza kiasi, na salio tunakubaliana kwa asilimia ya dhahabu itakayopatikana, muuzaji akiwa na haki ya kuwepo siku ya kuyeyusha. Mwenye kujua rundo lake halina kitu atataka zote leo hii, na hapo unakuwa umeshajibiwa.

Kuna jambo la pili ambalo sikuliweka kwenye hesabu ya 2017, nalo ni zebaki.

Marudio ya mwaloni karibu yote yana zebaki. Sehemu ya zebaki iliyotiwa kwenye karai inavunjika vipunje vidogo na kuondoka na mchanga, ikiwa imebeba dhahabu mgongoni. Ukiupeleka mchanga huo moja kwa moja kwenye sayanaidi, sayanaidi inayeyusha zebaki pia. Zebaki iliyokuwa nzito na iliyotulia chini inageuka kitu kinachotembea na maji, kwenda kisimani na mtoni kirahisi zaidi. Inakula dawa uliyoinunua kwa ajili ya dhahabu. Inapanda kwenye kaboni, na siku ya kuyeyusha inapanda hewani, na anayeivuta ni yule kijana aliyesimama juu ya moto. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unataja kuchenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza kuwa moja ya njia mbaya kabisa zinazotakiwa kukomeshwa. Si maneno ya wazungu ya kutuzuia kula. Shangazi yangu alichoma zebaki jikoni kwake miaka kumi na moja, kwenye jiko lilelile la kupikia ugali. Mikono yake leo haishiki kikombe bila kumwaga.

Kwa hiyo kabla mzigo haujaingia kwenye tangi langu, naupitisha tena kwenye mwalo, taratibu, maji kidogo, mazulia mapya, na mwishoni naweka bamba la shaba lililopakwa fedha, ambalo zebaki inalinatia. Kazi hii inachukua siku tatu au nne, na wenzangu walinicheka mwanzoni kwamba napoteza muda. Lakini angalia kinachotokea. Zebaki inayonasa imebeba dhahabu, na pamoja nayo zinanasa punje nene za dhahabu zilizotoroka mara ya kwanza. Punje nene ni tatizo la tangi: sayanaidi inaila dhahabu kutoka nje kwenda ndani polepole, na punje kubwa inaweza kukaa majuma bila kumalizika, wewe umeshafungua tangi na kuitupa. Mara nyingi nilichopata kwenye kuosha upya kimelipa vibarua wote na kubakiza. Zebaki yenyewe naitenganisha kwa kifaa cha kuchomea kilichofungwa, kinachorudisha mvuke kuwa zebaki tena, nje kabisa mbali na watu. Siiuzi. Natunza kwenye chupa nene yenye maji juu yake, na siingizi nyingine kwenye kazi zangu.

Kuhusu sayanaidi, sitaeleza namna ya kuichanganya. Jifunze kwa mtu, ukiwa umesimama karibu yake, na ukiwa umesajiliwa. Kwa sheria ya mwaka 2003 ya kemikali, anayeshughulika nayo anatakiwa kuwa amesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na mtambo unahitaji leseni ya uchenjuaji kutoka Tume ya Madini na cheti cha mazingira cha NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Ulizia pia kibali cha kusafirisha marudio kwenye ofisi ya madini ya mkoa kabla tipa halijawasha injini. STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, ina vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa, Katente na Itumbi kule Chunya. Mahali kama pale unaweza kuona tangi, kaboni na elusheni vikifanya kazi kabla hujaweka hata tofali lako moja. Laiti ningekwenda kutazama mapema.

Yapo machache ambayo lazima niyaseme hata hivyo. Maji ya tangi yakae juu ya pH (kipimo cha tindikali) 10 na nusu muda wote, chokaa ndiyo kazi yake. Ikishuka chini ya hapo sayanaidi inaanza kutoka kama hewa, na hewa hiyo inaua. Watu wanasema ina harufu ya lozi chungu, ila si kila pua inaweza kuisikia, kwa hiyo usiitegemee pua. Tindikali yoyote, ya betri, ya kuoshea kaboni, ya kusafishia dhahabu, isikae chumba kimoja na sayanaidi. Kila asubuhi ni karatasi ya pH kwanza, chai baadaye. Mtu akianguka karibu na tangi, usimkimbilie bila kujikinga, mpelekeni kwenye hewa safi, na usimpulizie mdomo kwa mdomo.

Na weka uzio. Sisemi uzio wa miba wa kuonyesha mkaguzi. Mbuzi watatu wa jirani yangu waliingia usiku kwenye bwawa letu la kwanza la maji ya dawa, kiangazi, wakati maji yoyote yanayong'aa yanamwita mnyama. Tuliwakuta asubuhi. Niliwalipa siku ileile, na jirani alipokea, lakini kwa muda mrefu alipopita mbele ya uwanja wetu aliwashika watoto wake mkono. Bwawa sasa lina wavu juu, uzio wa mabati pande zote, na plastiki nene chini isiyo na kiraka.

Kaboni ikishashiba inakwenda elusheni, ambako dhahabu inaondolewa kwa joto na magadi makali na kunatishwa kwenye nyuzi za chuma. Wengi wetu hatuna mtambo huo, tunapeleka kwa wenye nao. Mwaka wangu wa pili nilipeleka kaboni yangu mahali, nikaambiwa nirudi kesho kutwa, nikarudi nikapewa dhahabu chini ya nusu ya nilichotarajia. Sikuwa na namba yoyote ya kubishana nayo, nikachukua nikaondoka. Sasa kaboni yangu inachukuliwa sampuli kabla haijatoka uwanjani, najua kilo moja imebeba gramu ngapi, nasindikiza, na nalala pale mpaka ikamilike. Ninakwenda na kitenge cha kujifunika na chakula changu. Baada ya kazi nadai kaboni yangu irudi na naipima tena. Na nakung'uta mifuko, maana kaboni inavunjika, ile vumbi nyeusi inayobaki kwenye mikunjo ya mfuko ina dhahabu kuliko kokoto zake.

Kitu ambacho wanunuzi hawafikirii kabisa: tani 40 zikishatoa gramu zake, bado ni tani 40, na sasa ni zako. Dhahabu uliyotoa inaenea kwenye kiganja, mchanga haujapungua hata debe. Tarehe 11 Septemba 2022, huko Jagersfontein, Afrika Kusini, bwawa la mabaki lilipasuka, tope likaingia kwenye nyumba za watu alfajiri. Bwawa lile lilitokana na kuchenjua upya mabaki ya mgodi wa zamani wa almasi, kazi kama yangu na yako kwa ukubwa mwingine. Miezi miwili tu baadaye, Novemba, ukuta wa bwawa la tope ulipasuka Mwadui, mkoani Shinyanga, tope likafunika mashamba. Mtu anaponiuliza mtaji wa kuanzia, namuuliza kwanza ana eneo gani la kuweka alichomaliza nacho, liko umbali gani na kisima, na mvua za masika zinapita wapi.

Na tafadhali, marudio yasijengewe. Nimeona nyumba zilizopigwa lipu kwa mchanga wa mwaloni kwa sababu ni laini na wa bure. Nimeona mchanga huo ukimwagwa uwanjani ili watoto wachezee mahali pasipo matope. Huo ni mchanga wenye zebaki, kwenye kuta za chumba anacholala mtoto. Kama ulishafanya hivyo bila kujua, anza na uwanja: zoa, rudisha rundoni, mwaga udongo wa kawaida.

Dada zangu mnaoosha mwaloni, haya ni yenu. Desturi ya sehemu nyingi ni kwamba mwenye mwalo au karasha anakusagia na kukupa nafasi ya kuoshea, naye anabaki na marudio. Unaona umesagiwa bure. Nilifanya hivyo miaka sita, na siku nilipopima rundo la mwalo niliokuwa naoshea, nilijua nani alikuwa akimlipa nani. Sikushauri ugombane na mtu anayekupa kazi. Kusanyikeni watano au kumi, mkubaliane kulipia usagaji kwa pesa taslimu na kubaki na marudio yenu, mtafute mahali palipoinuka na pa kukodi, mrundike pamoja kwa jina la kikundi. Andikeni viroba vya kila mmoja. Mkifika tani za kutosha, pelekeni sampuli, na mnunuzi akija mumpokee mkiwa na karatasi zenu mbili mkononi. Kikundi kimoja hapa kwetu kimefanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu ni mimi niliyenunua, kwa bei ambayo wao ndio walioitaja.

Wiki iliyopita nimeitwa kuona rundo jingine, kubwa kuliko yote niliyowahi kushika, mchanga wa kahawia, kavu, mwalo wa zamani uliokufa. Mzee mwenye nalo ana karatasi ya kipimo cha moto na namba yake ni nzuri sana. Nimemwomba wiki tatu za kusubiri chupa. Kaka yangu amenipigia jana, anasema kuna mnunuzi mwingine amefika na hela kwenye begi. Nimemwambia amsalimie mzee, na kwamba mfuko wa tatu uko kabatini kwangu, una sahihi zetu wote wawili.